Kuni za Walioshinda

Watu waliokwisha kuonja walikuwa wanarudi kwenye foleni.

Sekela Mwakalobo aliwaona kupitia dirisha la ofisi yake, akadhani macho yanamdanganya. Mama mwenye kitenge cha manjano alikuwa ametoka ndani asubuhi ileile akilia kimyakimya. Sasa amerudi, amejipaka mafuta usoni na kuvaa viatu vya kanisani. Nyuma yake alisimama Mwalimu Mwasongwe, mstaafu, mtu asiyecheka na wanafunzi wala na wajukuu, amekumbatia hotipoti kifuani.

Sekela akateremka. Chai yake aliiacha mezani, ya tatu kupoa siku hiyo. Tangu juzi hakuwa mtu wa kukaa. Akiketi anainuka, akiinuka hakumbuki alichoinukia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Mwalimu, si ulionja jana?"

"Sheria inasema raia ataonja mpaka aridhike. Sijaridhika."

"Na hotipoti ni ya nini?"

Mzee alitazama pembeni kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. "Ndizi za nyama," akasema. "Mama Tumpe anazipenda. Najua haziingii kule, sijawa mwehu. Lakini nimeona vibaya kwenda mikono mitupu."

Mama Tumpe alikuwa mkewe. Alizikwa mwaka juzi, na Sekela alikuwepo kwenye matanga, akipika na wanawake wenzake. Akamshika mzee mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Aliogopa. Alikuwa ameshaanza kujua kosa ni la nani.

*

Katika Shirikisho la Majimbo Saba mtu hapigi kura ya maoni kabla hajaonja. Sheria hiyo haikushuka mbinguni. Ilitokana na vichwa kupasuka.

Kura ya kwanza ilikuwa ya kuungana. Wananchi waliambiwa muungano ni asali, wakasahau kuuliza habari za nyuki. Hesabu iliwekwa ya wingi mara mbili: Ndiyo ishinde kwa watu wote kwa jumla, na ishinde pia katika majimbo manne kati ya saba, ili jimbo kubwa lisimeze dogo. Jimbo la Milimani lilisema Hapana, likaunganishwa na wenzake hivyohivyo. Kura ya pili ilihamishia makao makuu tambarare. Milimani ikasema Hapana, ikashindwa. Ya tatu ilifanya misitu ya kila jimbo kuwa ya wote, na misumeno ilipofika hata waliosema Ndiyo walilia kwamba hawakujua. Zikaja ghasia, zikaja tume, na mwisho ikaja Sheria ya Kionjo: asiulizwe mtu jambo ambalo hajaishi ndani yake walau kwa kitambo.

Ndipo zikajengwa kumbi za kuonjea. Raia analala kwenye kitanda chembamba, anavalishwa utepe wa nyuzi kichwani, na kwa muda wa kupika ugali anaishi siku nzima ya maisha yatakayokuja: mara moja ikiwa Ndiyo imepita, mara moja ikiwa Hapana. Mashine yenyewe haina picha nyingi. Inatoa kiunzi tu: nyumba iko wapi, mvua kiasi gani, debe la mahindi bei gani, hospitali umbali gani. Yaliyobaki, moshi wa jiko, sauti ya jirani, mikwaruzo ya mlango, yanajaziwa na ubongo wa mwonjaji mwenyewe. Mafundi waliita kazi hiyo kujazia, wakaisifu sana, kwa kuwa iliokoa gharama na kufanya kila mtu aonje kwake, si kwa mwingine.

Kura hii ya nne ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuonjwa. Swali lilikuwa moja: Mto Lusiba uzuiwe bwawa, maji yapelekwe Jimbo la Nyika, ambako visima vilikuwa vinatoa matope? Ndiyo ingenywesha Nyika nzima. Ndiyo pia ingelizamisha Bonde la Ikolela, nyumba, migomba, makanisa na yote. Majimbo matatu yalikwisha kusema Ndiyo, matatu yalisema Hapana. Milimani lilibaki la mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Shirikisho lizaliwe, neno lake ndilo lililosubiriwa.

Sekela ndiye mthibitishaji wa kionjo cha Milimani. Alizaliwa Ikolela. Sheria ilitaka hivyo: kiunzi cha jimbo kithibitishwe na mwenyeji wa jimbo, anayejua kwao kukoje.

*

"Ni makaburi," alisema Halake Guyo.

Halake alikuwa mkaguzi aliyetumwa na Nyika, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunywa maji kidogokidogo hata bilauri ikiwa imejaa. Walikuwa wamesimama mbele ya kiunzi cha Ikolela kilichochorwa kwa mwanga juu ya meza, vinyumba na vijia, na mbele ya kila nyumba alama ndogo za vituta vya udongo.

"Majimbo mengine tuliweka makaburi ya umma, mbali na watu," Halake aliendelea. "Hapa yamewekwa mlangoni. Nani aliagiza?"

"Mimi."

Ndiyo, yeye. Mafundi wa makao makuu walileta kiunzi safi chenye bustani na vijia vya kokoto, Sekela akakikataa mbele ya watu. Akawaambia Milimani hatuwatupi wafu wetu porini, tunawazika uani, na nyumba isiyo na kaburi inaitwa ya wapangaji. Walibishana wiki nzima. Alishinda, akajisifu, na jioni hiyo alinunulia ofisi nzima maandazi. Nani angefikiri kwamba ubongo wa mtu wa Ikolela, ukiwekewa kaburi la mama mlangoni, utajazia na mama?

"Kwa hiyo anayeonja Hapana anakutana na wafu wake, wazima, wanapika," Halake alisema. "Anayeonja Ndiyo anapewa nyumba mpya ya matofali huko uwandani, hamna kaburi, hamna mtu. Bi. Sekela, hii si kura tena. Mnawauliza watu kama wanataka mama zao wafe."

"Najua."

"Lazima uwazuie."

"Unajua unachonituma nifanye?"

Halake akaweka bilauri chini. "Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani," alisema taratibu. "Shangazi yangu anachota maji kwenye shimo ambalo inabidi ateremshwe kwa kamba. Ana umri wa mama yako."

"Mama yangu amefariki."

"Basi ana umri ambao mama yako angekuwa nao." Alisita. "Samahani, dada. Sikukusudia."

Sekela alizunguka meza mara kadhaa, akapanga kalamu, akazipangua. Kumzuia mtu asiyemo kwenye daftari la walio hai lilikuwa jambo la dakika. Kizuio kilikuwepo tayari, kikisubiri dole gumba lake tu. Kama angekiweka, kionjo kingeanza upya jimbo zima, na wote wangeamka kutoka Ikolela yenye makaburi yaliyofunga midomo. Milimani wangekuwa wamefiwa mara mbili, na safari hii wangejua nani kawafisha. Akiacha, Hapana ingepita, bonde lingepona, na Nyika wangeendelea kuteremsha shangazi zao kwa kamba.

"Wewe mwenyewe umeonja?" Halake aliuliza.

"Bado."

Alikuwa ameahirisha siku baada ya siku. Hakutaka kujua kama mama yake angekuwepo.

*

Alikuwepo.

Uani Ikolela, ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni kama kawaida yake. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameinama kwenye mafiga, mgongo kwake, akipuliza moto.

"Umesimama hapo kama mdai," Mama alisema bila kugeuka. "Ingia, unaingiza baridi."

Sekela akaingia. Alikaa kwenye kigoda kilekile chenye mguu mfupi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakutaka kuinuka. Mama alimpa viazi vya moto kwenye sahani ya bati, akamwambia amekonda, akamwuliza kama bado anakunywa chai na kuiacha, na Sekela akacheka huku machozi yanamtoka. Kama angeachwa pale, angekaa mpaka dunia iishe. Aliyasema hayo baadaye bila haya.

Kisha Mama akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua kuni, akazisukuma motoni.

Sekela akatazama vizuri. Zilikuwa kuni za muwati zilizokauka mpaka kugeuka kijivu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzigo wa kwanza.

Hapa msomaji asiye wa Shirikisho aelezwe kidogo. Kura ya kwanza ilipoacha majirani hawasalimiani, wazee walitunga dawa yake, na dawa ikawa desturi: kesho yake baada ya matokeo, aliyeshinda anabeba mzigo wa kuni, anaupeleka mlangoni kwa aliyeshindwa. Hasemi neno. Aliyeshindwa anapika kwa kuni hizo, na moto ukiwaka, ugomvi umekwisha. Wengi wape, walisema, lakini wengi nao walete kuni.

Mama yake Sekela aliletewa kuni mara tatu na hakuzichoma hata mara moja. Alizipokea, maana kukataa ni utovu wa adabu, akazisimamisha nyuma ya mlango wa jiko, mzigo wa muungano, wa makao makuu na wa misitu. Akiulizwa anasema, "Nikizichoma nitakuwa nimekubali." Masika yaliyofuata kura ya tatu yalikuwa ya baridi kali, kuni mbichi hazikushika moto, kifua kikambana. Sekela alikuwa mjini. Alipopigiwa simu akafika, alimkuta amekwisha fariki katika jiko la baridi, na nyuma ya mlango imesimama mizigo mitatu ya kuni kavu.

Hakuna siku ambayo Sekela hakutamani kwamba mama yake angezichoma.

Na sasa alikuwa anazichoma, kijiti kimoja kimoja, akiimba kwa pua, bila kinyongo.

"Mama," Sekela alisema, "hizo ni za muungano."

"Kuni ni kuni, mwanangu," Mama akasema kwa upole.

Maneno hayo yalimtia baridi ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Mama yake asingeyasema hata kwa kuchapwa. Aliyeyasema ni Sekela, kwa miaka yote, kichwani mwake, akimjibia marehemu.

*

Mdogo wake wa kiume, Ambakisye, alikuwa anapiga kampeni ya Hapana kutoka kijiji hadi kijiji, na sauti ilikuwa imemkauka. Sekela alimkuta nyuma ya ukumbi, anakunywa uji kwenye kikombe cha plastiki.

"Dada, nimesikia unataka kugusa kionjo," alianza kabla hata ya salamu. "Usiguse."

"Ambakisye, sikiliza kwanza."

"Mara tatu tumeshindwa. Mara tatu! Leo Mungu ametupa kitu kimoja, na wewe wa tumbo letu ndiye unayetaka kututoa roho? Makaburi yatazama. Huo si ukweli?"

"Ni ukweli, na makaburi nitayaacha. Nitawaondoa waliotoka humo."

"Kwa nini? Wamemdhuru nani?"

"Nilimwona Mama," alisema Sekela. "Alikuwa anachoma kuni."

Ambakisye akashusha kikombe.

"Za muungano," Sekela akaongeza. "Akasema kuni ni kuni."

Watu walipita na nyimbo za kampeni, mmoja akampungia, hakujibu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwangu alichoma mizigo yote mitatu," alisema. "Jiko likawa na joto mpaka akavua sweta."

Waliangaliana. Walikuwa hawajawahi kulisema jambo la kuni zile, hata msibani, kila mmoja akidhani limemchoma peke yake.

"Sasa unajua si yeye," Sekela alisema.

"Najua si yeye." Ambakisye alijifuta uso kwa kiganja. "Muache hivyohivyo."

"Mwalimu Mwasongwe anapeleka ndizi, Amba. Watu hawapigi kura juu ya bonde. Wanachagua kumbukumbu walizozipamba wenyewe, na mimi niweke dole gumba niseme huo ndio ukweli wa Milimani?"

"Sema chochote. Ukiwafunga, umemzika Mama mara ya pili, na safari hii sitakuja msibani." Akamwaga uji uliobaki, akaondoka bila kuaga.

*

Asingeweza kukaa, kwa hiyo alitembea. Alikwenda mpaka darajani, akarudi, akaenda tena. Alimfikiria shangazi asiyemjua akining'inia kwenye kamba. Alijiambia huyo ni wa Halake, si wake. Halafu akajiambia kwamba hivyo ndivyo watu wa tambarare walivyosema kuhusu misitu. Na yeye mwenyewe alitaka Hapana! Hakuna mtu Milimani aliyeipenda Ikolela kumshinda. Lakini aliyatoa maisha yake kwa sheria inayosema mtu asidanganywe kabla ya kuulizwa, na sasa aliona uongo ukishakuwa mtamu, hakuna anayeuita uongo, hata yeye.

Mchana, foleni ikiwa imefika barabarani, alisimama kwenye ngazi za ukumbi na kuwaambia kila kitu. Kwamba makaburi aliyaweka yeye. Kwamba waliowakuta ndani si marehemu wao, ni hamu yao wenyewe. Kwamba kionjo kitaanza upya, na hawatakuwepo.

Mama wa kitenge cha manjano alimwita mchawi. Mtu mmoja alirusha ganda la muwa. Sekela hakujikinga.

"Basi tuingie mara moja tu, tukaage," Mwalimu Mwasongwe alisema, na foleni nzima ikamgeukia.

Sekela alitaka kukubali. Alitaka sana, kuliko wote waliokuwepo, na pengine ndiyo sababu hakuthubutu.

"Mwalimu," alisema, "tuliwaaga siku ile."

Mzee alimtazama, kisha akafungua hotipoti, akaanza kuwagawia ndizi waliosimama karibu naye, kama watu walio kwenye matanga. Sekela akaingia ndani, akaweka dole gumba.

*

Ndiyo ikapita Milimani kwa upenyo wa sindano. Watu walionja Ikolela jinsi ilivyo, na ukungu wake na makaburi yake yaliyonyamaza, na wengi waliipenda na kuichagua. Wengine, waliowazidi kwa kidogo tu, walifikiria visima vya matope. Sekela alipiga Hapana. Aliingia kwenye kibanda cha kura akilia, akatoka akilia, na kura yake ikazama pamoja na bonde.

Kesho yake asubuhi alikuwa nyumbani kwa mama yake, anafagia uani kana kwamba maji yatajali. Alifagia, akafagia tena palipofagiwa. Akasikia hodi.

Alikuwa Halake. Alikuwa amebeba mzigo begani, mdogo, wa vijiti vya mgunga vyenye miiba, kwa kuwa kwao hata kuni ni za kutafuta. Alikuwa amevileta kwa treni ya usiku kutoka Nyika. Viganja vilikuwa vimechanika. Aliuweka mzigo mlangoni, akarudi nyuma hatua chache, akasimama bila neno, kama desturi inavyotaka.

Sekela aliutazama. Aliwaza kuusimamisha nyuma ya mlango, uwe wa nne.

"Upokee, dada." Ambakisye alikuwa ameingia kwa njia ya migombani, amevaa koti la msibani. Hakumwangalia usoni. "Kukataa ni utovu wa adabu."

"Ulisema hutakuja."

"Nilisema." Aliupita mzigo, akaingia jikoni, na Sekela akamsikia anavuta kitu kizito nyuma ya mlango. Alipoingia alimkuta amepiga magoti kwenye mafiga, anakata kamba ya mgomba ya mzigo wa kwanza. Kamba ilikuwa imekauka mno, ikapukutika mkononi mwake.

Walizipanga pamoja: za muungano chini, za makao makuu na misitu juu, na za mgunga katikati, Sekela akizishika kwa uangalifu kwa ajili ya miiba. Alimwita Halake aingie, asisimame nje kama mgeni. Ambakisye akawasha kiberiti.

Hazikutoa hata moshi. Moto ulishika mara moja, ukapanda, na jiko ambalo halikuwahi kupata joto tangu msiba likajaa joto mpaka kwenye pembe. Sekela alikaa kwenye kigoda chenye mguu mfupi. Hakuinuka.

Ambakisye alivua koti. Alitazama moto kwa muda mrefu.

"Zingetosha baridi yote ile," alisema.

"Zingetosha," alisema Sekela.